Mtihani wa ujirani mwema: namna shule jirani za Moshi zinavyoweza kuuandaa ukamfaa mwanafunzi

Mitihani mingi ya ujirani mwema, ile ambayo shule jirani hutunga na kufanya kwa pamoja, huishia ubaoni. Shule hupangwa kwa nafasi, ya kwanza inashangiliwa, ya mwisho inanyamaza, na Jumatatu kila mwalimu anaendelea na mada yake kama kawaida. Hapo shule zimeshachoma karatasi na siku kadhaa za vipindi, na kilichopatikana ni jedwali la majina. Faida iko katika kile kinachofuata baada ya kusahihisha, kwa hiyo maandalizi yote yaelekezwe huko tangu siku ya kwanza.

Anzeni na shule 4 hadi 7. Zikipungua, walimu wachache watatunga masomo mengi na maswali yatakuwa ya haraka. Zikizidi, karatasi zinapita mikono mingi na matokeo yanachelewa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro msichague majirani kwa kutazama ramani. Barabara nyingi hushuka kuelekea mjini, na shule mbili zinazotazamana ng'ambo ya bonde zinaweza kuhitaji daladala mbili, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda. Shule zilizo kwenye njia moja, tuseme kuanzia Kiboriloni kupanda juu, zinatembeleana kwa urahisi kuliko shule ya Kibosho na ya Uru.

Wakuu wa shule wakikubaliana, waandike barua moja ya pamoja kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya, na Maafisa Elimu Kata wapewe nakala. Muulizeni mapema tarehe za moko ya mkoa, yaani mtihani wa majaribio, ili msigongane nayo. Kwa kidato cha nne, ambao mtihani wao wa taifa ni Novemba, wakati mzuri ni mwishoni mwa Februari, kabla masika haijaharibu barabara za udongo. Mtihani wa pili uwe katikati ya Agosti, ukibakiza muda wa kutosha kufundisha upya. Mtihani wa Oktoba hauna maana: utaona tatizo bila nafasi ya kulitibu.

Fedha zitoke shuleni kwa uwiano wa watahiniwa, na mhazini mmoja atoe risiti. Elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali haina ada tangu 2016, hivyo msimtoze mzazi hata shilingi mia tano bila kibali cha maandishi. Gharama kubwa ni karatasi. Tuseme mna watahiniwa 450, masomo 9, na kila mtihani una karatasi 2 zilizochapwa pande zote. Hizo ni karatasi 8,100. Ongezeni asilimia 5 za akiba, zinakuwa 8,505, yaani rimu 18. Ni hesabu ya juu, kwa kuwa si wote wanaosoma fizikia na kemia. Chapeni yote kwenye mashine moja ya kudurufu (riso), mbele ya walimu wa taaluma wawili kutoka shule tofauti, na karatasi zilizoharibika zichomwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kutunga, kila mwalimu alete azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha mada, na aonyeshe alipofika. Ukomo wa mada uwe pale shule iliyo nyuma ilipofikia. Walimu wa shule zilizotangulia watalalamika, lakini swali la mada isiyofundishwa halipimi uelewa, linapima ratiba tu. Kisha jazeni jedwali la utahini: mada, idadi ya vipindi zilivyotumia, alama, na ngazi ya swali (kukumbuka, kuelewa, kutumia). Shule moja itunge, nyingine ihakiki. Mhakiki ajibu mtihani mzima kwa mkono wake, kwa saa. Akishindwa kumaliza katika theluthi mbili ya muda, mwanafunzi hatamaliza kabisa.

Mtihani uanze saa ileile katika shule zote. Shule moja ikifanya asubuhi na nyingine mchana, simu zitafanya kazi yake. Bahasha zifungwe kwa gundi na sahihi juu ya mkunjo, zifike asubuhi ya mtihani, na wasimamizi wabadilishane shule.

Kemia kwa vitendo inahitaji uangalifu wa pekee. Kila shule ikijitengenezea asidi yake, nguvu zitatofautiana na matokeo hayatalinganishika. Tengenezeni mahali pamoja kisha mgawane. Mwanafunzi mmoja akipima mara nne kwa pipeti ya 25 cm³ anatumia 100 cm³. Weka 150 cm³ kwa kila mmumunyo, pamoja na ya kusuuzia. Wanafunzi 40 wanahitaji lita 6. Tumieni maji yaliyokenekwa, au maji ya mvua yaliyokingwa safi. Maji ya chemchemi yanaweza kuwa na bikaboneti inayokula sehemu ya asidi, na mwanafunzi mwenye mkono mzuri ataonekana amekosea.

Kusahihisha kufanyike kituo kimoja, kwa mnyororo: mwalimu mmoja swali moja, kwa karatasi za shule zote, zikiwa na namba za watahiniwa pasipo majina. Kwanza wote wasahihishe nakala 10 zilezile na kubishana juu ya kila alama mpaka wakubaliane. Bila hatua hiyo mwalimu mpole na mwalimu mkali watazaa tofauti ambayo mtaidhania ni ya shule. Karatasi 450 za hisabati, kwa dakika 8 kila moja, ni saa 60. Walimu watano watamaliza kwa siku mbili. Mtu wa sita ahakiki majumlisho tu.

Sasa kazi yenyewe. Alama zisiingizwe kwa jumla pekee. Andikeni alama ya kila swali. Chora jedwali: maswali chini, shule juu, wastani ndani. Tuseme swali la 9 la hisabati, la alama 6, shule moja ina wastani wa 4.5 na nyingine 1.2. Ni asilimia 75 dhidi ya 20. Watoto hao wanatoka vijiji vinavyofanana na wanasoma muhtasari uleule, kwa hiyo kuna kitu mwalimu wa kwanza anakifanya darasani. Pengo likizidi asilimia 20, mwalimu wa shule iliyofanya vizuri aende kufundisha mada hiyo kwenye shule iliyoanguka. Pale ambapo shule zote zimeanguka, soma swali upya kwanza. Likiwa sawa, walimu wote wa somo wakae waandae mada hiyo pamoja.

Usiruke hatua hii: wachukue wanafunzi watano waliokosa swali, uwaulize jambo lilelile kwa Kiswahili, kwa mdomo. Wakijibu vizuri, tatizo ni Kiingereza cha swali, na kurudia mada nzima kutapoteza wiki. Wafundishwe kusoma maswali ya aina hiyo na maneno yake.

Mwalimu mgeni apewe vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na shule mwenyeji ilipe nauli. Mwalimu mwenyeji abaki darasani mwanzo hadi mwisho. Wengi hutumia nafasi hiyo kusahihisha madaftari ofisini, na mgeni akiondoka ujuzi unaondoka naye. Mwenyeji aandike mifano iliyotumika na mpangilio wake, maana yeye ndiye atakayefundisha mada hiyo mwakani. Baada ya wiki tatu, toeni zoezi la dakika 10 lenye swali la aina ileile na namba tofauti.

Nafasi za shule zisisomwe mstarini. Zikisomwa, mkuu wa shule anayeogopa aibu atawaacha wanafunzi dhaifu nyumbani siku ya mtihani, na hao ndio mliowalenga. Idadi ya waliosajiliwa na ya waliofanya iandikwe kando ya kila wastani, na asiyefika atafutwe kwao kupitia mtendaji wa kijiji.