SOMO: Kumfuatilia askari wa farasi wa Marekani wa karne ya 19 na ukoo wake

Naandika mara moja, ili nikiulizwa tena nibandike kiungo tu. Swali linalojaa inboksi yangu ni lile lile: "Mwalimu, babu wa babu wa mke wangu alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) akiwa mpanda farasi, naanzia wapi?" Wengi wenu mlioko Marekani mmeoa au kuolewa kwenye familia za Wamarekani Weusi, watoto wanauliza, na wakwe wanalijua jina tu. Mfano wangu ni Kikosi cha 5 cha Wapanda Farasi Weusi, kilichoundwa Camp Nelson, Kentucky, mwaka 1864.

Hatua ya 1. Waulize wazee walio hai: jina, kaunti, kaburi liko wapi.

Hatua ya 2. Jua alikuwa upande gani. Sensa ya 1910 ina safu ya wakongwe wa vita: UA ni jeshi la Muungano (serikali ya Washington, upande wa Kaskazini), CA ni la Kusini (majimbo yaliyojitenga). Ukiona CA, usitafute pensheni yake Washington. Hao walilipwa na majimbo yao.

Hatua ya 3. Tafuta kikosi na kompania. Orodha ya askari iko mtandaoni bure kwenye tovuti ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani (National Park Service).

Hatua ya 4. Kumbukumbu ya utumishi. Agiza kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa (National Archives) huko Washington, ila usitarajie hadithi. Ni kadi: yupo, mgonjwa, kapoteza hatamu, kakatwa mshahara. Kwa askari waliotoka utumwani Kentucky, wakati mwingine ndani kuna dai la fidia la bwana aliyemmiliki, na jina la bwana limeandikwa. Ukilipata hilo, una mlango wa kuingilia miaka ya kabla ya vita.

Hatua ya 5. Jalada la pensheni. Hapa kaa kitako, soma mara mbili.

Jeshi lilimjua askari. Aliyeijua familia ni mjane. Kwa hiyo mtafute yeye kabla ya kumtafuta mume. Ili alipwe chini ya sheria ya 1862 au ile ya 1890, ilimbidi athibitishe kwamba marehemu alitumikia, kwamba amekufa, na kwamba yeye ni mke wake wa halali. Sasa, mtu aliyeolewa utumwani cheti atakitoa wapi? Akaleta watu: askari waliotumikia pamoja na marehemu, mkunga aliyewapokea watoto, jirani, hata watoto wa bwana wa zamani. Wote walikula kiapo, na karani akaandika. Humo ndimo utakutana na mama wa askari, shamba alilozaliwa, ndugu aliyeuzwa na mahali alikopelekwa. Na kama mzee mwenyewe alikuwa hai mwaka 1898, tafuta fomu ya mwaka huo. Ofisi ya Pensheni iliwauliza wakongwe jina la mke, siku ya ndoa, wake wa awali, na watoto walio hai na tarehe za kuzaliwa kwao.

Tahadhari, na hizi zina gharama:
– Agiza JALADA ZIMA. Kuna kifurushi cha nyaraka teule, bei yake nafuu, na viapo vya majirani vinaweza kubaki Washington. Utalipa mara mbili.
– Faharasa ziko mbili, moja kwa majina, nyingine kwa vikosi. Tumia zote. Wengi waliandikishwa kwa jina la bwana, wakaja kuchukua la baba yao baada ya vita. Kwenye kadi ya faharasa huenda yakawepo yote mawili.
– Kadi yenye namba ya maombi lakini haina namba ya cheti maana yake dai halikukubaliwa. Usiipite! Dai lililobishaniwa ndilo lenye karatasi nyingi, maana ofisi ilimtuma mpelelezi hadi kijijini.
– Namba ikianza na XC, jalada huenda liko kwingine. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 6. Rudi kwenye sensa. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliotoka utumwani. Zile za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la bwana tu, kisha umri na jinsia. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921, lakini orodha maalumu ya wakongwe na wajane ya mwaka huo imebaki kwa majimbo kuanzia sehemu ya Kentucky hadi Wyoming, kwa mpangilio wa alfabeti.

MASWALI

Kipanga_OH: Mkuu sijasoma yote, niko kazini. Nitafutie John Johnson, alikuwa na farasi.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kipanga_OH: Ndio unanijibu hivyo?

Mwandishi: Ndiyo. Majina hayo yapo mengi mno. Leta kikosi na kaunti, tutaongea vizuri.

mzee wa data: Mnasumbuka bure. Kumbukumbu za jeshi la Marekani ziliungua zote 1973.

Mwandishi: Moto wa St. Louis ulikula za wanajeshi walioacha kazi kati ya 1912 na 1960. Karne ya 19 haimo. Tusiwavunje watu moyo kwa kusikia.

chizi_wa_bei: Na wewe kwenye hayo majalada unapata asilimia ngapi?

Mwandishi: Sipati hata senti. Ukiwa karibu na Washington, nenda mwenyewe usome na upige picha bure.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Nimepata jalada la upande wa mume wangu. Mjane anasema alikuwa kambini na wanawe, "wakatutoa kwenye baridi". Kambi gani hiyo?

Mwandishi: Marahaba dada. Kama mume alikuwa kikosi cha 5, ni Camp Nelson karibu kwa hakika. Askari waliojiandikisha walipata uhuru, wake na watoto hawakupata, na wengi walikimbilia kambini. Novemba 1864 kamanda aliwafukuza wapatao 400, baridi kali, wengi wakafa. Kelele zilizofuata zilichangia sheria ya Machi 3, 1865, iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari. Kwa hiyo mama huyo huenda uhuru wake una tarehe. Angalia pia vitabu vya kaunti vya 1866: Kentucky iliwaruhusu waliooana utumwani kutangaza ndoa zao kwa karani.

Mama Neema: Ahsante sana. Halafu 1871 anatoweka kabisa, hakuna malipo.

Mwandishi: Aliolewa tena, nadhani. Mjane akiolewa pensheni ilikatika, ikawaendea watoto walio chini ya miaka 16 kupitia mlezi. Tafuta dai la watoto. Na kuanzia 1901 aliyefiwa na mume wa pili aliweza kuomba kurudishiwa, kwa hiyo angalia na miaka hiyo, kwa jina la mume wa pili.

Tonge Nyama: Wetu alikuwa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, Nebraska, miaka ya 1880.

Mwandishi: Huyo ni jeshi la kudumu, njia nyingine. Anza na daftari za uandikishaji: umri, mahali alipozaliwa, kazi, hata rangi ya macho. Waliopigana na Wahindi Wekundu miaka hiyo walipata sheria yao ya pensheni mwaka 1917 tu, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Sajini George Jordan wa kikosi hicho hicho, mwenye Nishani ya Heshima, alifariki 1904 pale mji wa Crawford, Nebraska, baada ya kunyimwa kitanda cha hospitali ya kambi ya jeshi ya Fort Robinson.

Bi Zawadi: Kidokezo cha makaburini: jiwe la serikali lenye ngao iliyochimbwa ndani ni la Muungano, lenye kichwa kilichochongoka ni la Kusini.

Mwandishi: Kweli kabisa, nimesahau hilo. Kwenye ngao ukiona U.S.C.C. (United States Colored Cavalry), herufi ya mwisho ni ya wapanda farasi.

mkwe_wa_Georgia: Wetu alikuwa CA. Kadi yake ina bei ya dola pembeni, alinunuliwa?

Mwandishi: Hapana, ni bei ya farasi. Wapanda farasi wa Kusini walikuja na farasi wao, wakathaminiwa ili mnyama akiuawa vitani mwenyewe alipwe. Linganisha bei hiyo na ya wenzake wa kompania moja, utajua nyumbani kwao walikuwa na uwezo gani.