Kuweka Windows na Ubuntu katika Kompyuta Moja ya Nyumbani

Anayehitaji kubaki na Windows kwa ajili ya hesabu za duka lake, na papo hapo anataka kujifunza Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, halazimiki kununua kompyuta ya pili, mradi diski yake ina nafasi tupu ya GB 50 hivi. Ubuntu huridhika na 25, lakini hizo hujaa upesi. Windows ndiyo itangulie, kwa sababu ikiwekwa nyuma hujipa nafasi ya kwanza wakati wa kuwasha na kumficha mwenzake.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker, yaani kufuli la Windows linalosimba diski, imewashwa, andika daftarini ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48, kisha uzime Fast Startup, ambayo huiacha Windows ikiwa imelala badala ya kuzimika. Faili la Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6, nami hulipakua kwa kifurushi cha usiku. Lihamishie kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, inayoifanya flashi iweze kuwasha kompyuta, ukijua kwamba vilivyomo kwenye flashi hiyo vitafutwa vyote.

Kazi ya kuogopwa ni kuipunguza sehemu ya C, ile yenye Windows, kwa Disk Management iliyomo ndani ya Windows, kwani umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza kila kitu. Hapa Nyegezi, Mwanza, nikiona wingu jeusi limetanda juu ya ziwa, siigusi diski hata kama mpakato umejaa chaji. Mwenye kompyuta ya mezani asianze bila UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika.

Nafasi ikishapatikana, washa upya huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ijaribu Ubuntu kwanza bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi. Ukiridhika, chagua kuiweka kando ya Windows, wala usiguse chaguo la kufuta diski nzima.

Tangu hapo, kila ukiwasha utaona orodha ya GRUB, programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, yenye mifumo yote miwili. Usishangae ikiwa ni saa nne asubuhi na Windows inakuonyesha saa moja: Ubuntu huitunza saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Ili Ubuntu nayo iitunze kwa saa za hapa kama Windows, fungua ndani yake Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

timedatectl set-local-rtc 1