Kuskani Negativu za Rangi: Biti Ngapi Zinatosha?

Mtu wa Moshi mwenye negativu za familia zilizokaa kabatini miaka mingi, akitaka kuzihamishia kwenye kompyuta, hana budi kuamua suala la biti, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazorekodi mwanga wa kila nukta, kabla ya mkanda wa kwanza kuingia kwenye skana. Biti 8 kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu, hutoa ngazi 256 za mwanga. Biti 14, ambazo kamera nyingi nzuri huhifadhi kwenye faili la RAW (data ghafi ya picha), hutoa 16,384. Na biti 16 za skana, zinazoitwa 48 chaneli zote tatu zikijumlishwa, hufikia 65,536.

Hata hivyo, tarakimu hizo pekee hazithibitishi kwamba skana ni bora kuliko kuipiga negativu picha kwa kamera, kwa sababu biti za chini kabisa aghalabu hubeba chembe za filamu na kelele za kihisio, yaani madoadoa yanayoletwa na kifaa kinachopokea mwanga. Ubora wa skana ya filamu uko kwingine: husoma rangi zote tatu katika kila nukta, ilhali kihisio cha kawaida cha kamera husoma rangi moja kwa kila pikseli na kukadiria mbili zilizobaki kutokana na pikseli jirani.

Negativu ya rangi ndiyo inayodai biti nyingi, kwani mwanga wake umebanwa katika eneo jembamba na lazima utanuliwe picha inapogeuzwa. Niliwahi kuskani kwa biti 8 picha ya Kibo alfajiri, na chaneli ya bluu ikachukua ngazi 60 hivi. Nilipoitanua, histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa ngazi za mwanga, ilitoka na mapengo kama meno ya kitana, na anga laini juu ya theluji ikakatika vipande vipande. Kwa biti 16, eneo lile lile lingekuwa na ngazi zaidi ya 15,000.

Kwa hiyo chagua biti 48, pangusa vumbi, hifadhi kama TIFF, aina ya faili linaloweza kubeba biti hizo zote, kamilisha marekebisho yote humo, kisha ndipo utoe nakala ya JPEG, ambayo hubeba biti 8 tu, kwa ajili ya kuwatumia ndugu. Fremu ya milimita 35 iliyoskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hufikia takriban megabaiti 128, hivyo andaa diski ya nje. Usitarajie kwamba faili la biti 8 likigeuzwa baadaye kuwa la biti 16 mapengo yatazibika. Itabidi negativu irudi kwenye skana.