Kuyeyusha Fuwele kwa Kuibana: Mwongozo wa Laptopu ya Mtumba

Kuiga kwenye kompyuta fuwele inayoyeyuka kwa kubanwa, laptopu ya mtumba kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha kabisa. Andika programu yako kwa lugha ya C. Python nayo itakufikisha, lakini mimi sina subira nayo ikishaanza kuzungukia jozi zote za chembe. Na kwa kuwa stima za Ngara hazina ratiba, hifadhi mahali pa kila chembe kwenye faili kila baada ya muda mfupi.

Tunaiga nini? Ndani ya mnyororo wa polima (molekuli ndefu ya viungo vinavyojirudia) ulio katika kiyeyushi kizuri, sehemu kubwa ni uwazi. Minyororo miwili hupenyana mpaka vitovu vyake vikalaliana, kama mabonge mawili ya waya wa kusugulia sufuria. Gharama ya kulaliana huko ni takriban 2kT (kT ni kipimo cha nishati ya joto: T ni halijoto, k ni namba ya Boltzmann), hata mnyororo uwe mrefu vipi. Basi achana na viungo, fuata kitovu peke yake, na uzipe kila chembe mbili nishati ya umbo la kengele: ε mara e kwa kipeo cha −(r/σ)², ambapo r ni umbali kati ya chembe hizo, ε ni urefu wa kengele na σ ni upana wake. Mkemia Frank Stillinger aliuleta mtindo huu mwaka 1976.

Panga chembe 432 kwa mpangilio wa fuwele uitwao bcc: michemraba 6×6×6, kila mmoja na chembe moja kwenye kona na moja katikati. Anza na msongamano wa 0.24 kwa kila σ³, yaani sanduku la upande wa 12.16σ. Chembe ikitoka kulia, iingie kushoto. Nishati ikate kwenye 3.5σ, yaani jozi zilizo mbali zaidi ya hapo usizihesabu. Halijoto iwe kT = 0.006ε.

Kisha Monte Carlo ya kawaida, njia ya kuiga kwa kubahatisha: sogeza chembe moja kidogo kwa kubahatisha. Nishati ikishuka, kubali. Ikipanda kwa ΔE, chota nambari nasibu kati ya 0 na 1, ukubali tu ikiwa ndogo kuliko e kwa kipeo cha −ΔE/kT.

Chora wastani wa mraba wa umbali ambao chembe zimehama kutoka makao yao. Mstari ukitulia, una fuwele. Sasa punguza sanduku polepole hadi msongamano wa 1, upande wa 7.56σ. Mstari utaanza kupanda na usikome. Umeibana fuwele ikawa kiowevu, bila kuongeza joto hata chembe! Sababu ni kwamba kila chembe sasa inasukumwa na majirani tele kutoka kila upande, misukumo inakaribia kufutana, na hakuna mahali panapoifaa kuliko pengine. Rudi 0.24, kisha utanue hadi 0.05: itayeyuka pia, ingawa hilo halimshangazi mtu. Kilele cha eneo la fuwele kiko karibu na kT = 0.009ε: joto likizidi hapo, hakuna fuwele kwa msongamano wowote.

Hapa ndipo vijana ninaowafundisha hukimbilia kutangaza kwamba polima yoyote majini itaganda. Hebu piga hesabu: ε ikiwa 2kT, basi kT/ε ni 0.5, juu mno ya kilele hicho. Mnyororo wa kawaida hauna ugumu wa kuganda hivyo. Jaribu polima za nyota, zenye mikono mingi iliyofungwa kwenye kitovu kimoja; wanafizikia Watzlawek, Likos na Löwen walionyesha mwaka 1999 kwamba panahitajika mikono kama 34 hivi ndipo fuwele ipatikane.

Ukishazoea, badilisha kipeo 2 ndani ya kengele kiwe 4. Anza na chembe zilizotawanyika ovyo, kT = 0.4ε, msongamano 6, ukataji kwenye 2σ. Zitaanza kupandana kadhaa kwenye makao mamoja, ilhali hakuna mvutano wowote kati yao. Ukibana zaidi, umbali kati ya makao haubadiliki sana. Wakaazi ndio huongezeka. Kuliona hili, grafu ya umbali kati ya jozi ianzie sifuri kabisa, kwa kuwa kilima kikubwa kiko hapo hapo. Waliozoea mipira migumu, isiyoweza kupenyana, huanzia σ, wakakikosa.