SOMO: Mwenza amepata kiharusi, mmerudi nyumbani. Mnaanzaje?

1. Kumtoa kitandani. Weka kiti upande wake wenye nguvu, kigusane na kitanda. Kama kina magurudumu, funga breki na uondoe vikanyagio. Mkalishe ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, asubiri dakika moja au mbili kizunguzungu kipite. Mfunge mkanda mpana kiunoni, ushike hapo. Goti lako lizuie goti lake dhaifu lisikunjike. Ainamie mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo mhesabu na kuinuka pamoja.

Kosa kubwa ni kumvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea, haishiki tena mfupa. Ukivuta, linachomoka na maumivu yatakaa miezi. Wala asikuning'inie shingoni. Mgongo wako ukiumia, mtakuwa wagonjwa wawili.

2. Nguo. Kuvaa anza mkono dhaifu, kuvua anza wenye nguvu.

3. Chakula. Akae wima, mlishe kwa kijiko kidogo (cha kukorogea chai), ameze ndipo umpe kingine. Maji na chai humpalia zaidi kuliko uji mzito, kwani hufika kooni kabla njia ya hewa haijafunga. Chungulia shavu la upande dhaifu, chakula hujificha humo. Abaki wima dakika 30. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa ya majimaji, acha kumlisha na mrudi hospitali.

4. Maneno. Swali moja la ndiyo au hapana, kisha nyamaza umsubiri. Usimmalizie neno, usimpigie kelele: masikio hayajaugua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mume wangu huangua kilio bila sababu. Nimemkosea?*
Hapana. Ubongo umepoteza breki ya kilio na kicheko. Badilisha mazungumzo tu. Ila akiwa na huzuni wiki mbili mfululizo, hali chakula, halali usingizi, huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni) na inatibika.

*Tendo la ndoa je?*
Presha ikitulia na daktari akiridhia, wengi hurudia. Laleni ubavu, mto umkinge mgongo. Asiache dawa za presha akidhani zinammaliza nguvu. Daktari anaweza kuzibadilisha. Vidonge vya nguvu za kiume asijinunulie: vikikutana na dawa za moyo za naitreti, presha huporomoka vibaya.

*Namwogesha kila siku, najiona nesi, si mke.*
Kuogesha mpe kaka yake au msaidizi siku kadhaa za wiki. Naye mrudishie kazi zake: hesabu za nyumba, kuchambua mchele kwa mkono mmoja, kuamua ada ya watoto. Atachelewa, mwache achelewe.