Kutoka Goma kwenda mapango ya Amboni: mambo ya kuzingatia kabla

Mtu wa Goma akisikia pango, anafikiria mawe meusi ya volkano na mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi kabla mwenyewe hajajua kuna nini. Woga huo usiuache nyumbani. Ila Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, ni nchi ya mawe ya chokaa, na kule cha kuogopa kwanza ni maji.

Kwetu mvua ikinyesha, maji yanapotelea kwenye nyufa za lava. Chokaa nayo inameza maji, lakini inaliwa nayo: mvua inachukua kaboni dioksidi hewani na udongoni, inakuwa na uchachu kidogo, inamong'onyoa mwamba kwa maelfu ya miaka mpaka njia inafunguka. Kwa hiyo mapango mengi ya chokaa ni mifereji, na mvua iliyonyesha mbali inaweza kukukuta ndani ukiwa mkavu kabisa. Kule Thailand, vijana 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni 2018, mafuriko yakawafungia njia. Wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai, na mzamiaji mmoja alikufa katika kazi ya kuwaokoa. Basi epuka masika ya Tanga, Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hata wakati wa kiangazi, muulize mwongozaji kama jana mvua ilinyesha. Akikwambia turudi, rudini.

Juu ya hewa, ule ujuzi wa mazuku unasaidia: shimo la chini lisilo na upepo usilishukie. Kichwa kikianza kuuma na pumzi kwenda mbio bila kazi yoyote, toka. Usitegemee kiberiti, moto kuwaka si uthibitisho kwamba hewa ni safi.

Mwanga ndio uhai. Kila mtu abebe tochi tatu, moja ya kichwani, na betri mpya zilizojaribiwa kabla ya safari. Tochi ya simu usiihesabu: inakula mkono mmoja, na mikono unaihitaji. Kofia ya pikipiki nayo haifai, ni nzito na inaziba masikio. Tafuta kofia ngumu ya ujenzi yenye mkanda wa kidevuni, maana ukiinama bila mkanda inaanguka gizani. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Lava inakwaruza lakini inashika mguu. Chokaa yenye maji inateleza kama sabuni. Koti zito acha: Goma iko juu, kama mita 1,500, Tanga iko kwenye bahari, na joto litakuchosha kabla hata ya kuingia.

Popo wako, na hili nalisema kwa mkazo. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua, vinabebwa na popo wanaokula matunda na kulala mapangoni. Durba, huku kwetu Kongo, wachimba dhahabu waliugua kati ya 1998 na 2000. Kagera, mkoa wa Tanzania utakaoupita ukivuka Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania, uliupata ugonjwa huo mwaka 2023 na tena 2025. Usiwashike, usiguse mavi yao, vaa barakoa, na usile chochote kabla ya kunawa kwa sabuni.

Kadi ya manjano utaulizwa mpakani, kwa sababu unatoka Kongo. Chanjo ya homa ya manjano inakubalika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kadi haina mwisho, kwa hiyo ile ya zamani bado ni nzima. Usingoje wiki ya kuondoka.

Mwisho, mwachie mtu aliyebaki nje saa kamili mtakayotoka, na saa atakayoanza kuita msaada msipoonekana. Aandike, na namba ya mwongozaji awe nayo. Ndani ya mwamba simu haishiki.