Jinsi ya Kudai Fidia Ukijeruhiwa Barabarani Nairobi

Ukigongwa na gari, matatu au bodaboda, unaweza kumdai dereva aliyezembea pamoja na mwenye gari aliyemkabidhi kazi. Pesa zenyewe kwa kawaida hutoka kwa bima, maana Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kulipia watu wengine atakaowaumiza. Ila mzigo wa kuthibitisha uzembe ni wako, na hapo ndipo karatasi huokoa au kuzamisha kesi.

Anzia pale pale barabarani, wewe mwenyewe au jamaa aliyefika. Andikeni nambari ya gari, mpige picha stika ya bima kwenye kioo, na kama ni matatu, jina la sacco, yaani chama kinachoisimamia. Chukueni pia simu za mashahidi. Mwenye kibanda cha matunda kando ya barabara ni shahidi mzuri kuliko abiria aliyekuwa akikimbilia kazini, kwa sababu huyo wa kibanda kesho utamkuta.

Kisha polisi. Dereva anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, lakini usimtegemee. Nenda kituo kinachosimamia mahali pa ajali, si kilicho karibu na kwako: anayeishi Kayole akigongwa Jogoo Road hatasaidiwa na kituo cha Kayole. Hakikisha ajali imeingizwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, upewe nambari yake, kisha uombe abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha, ambayo daktari ataijaza. Kabla ya kuondoka kaunta, isome abstrakti herufi kwa herufi. Nambari ya gari ya KDC ikiandikwa KCD, umemshtaki mtu mwingine kabisa, na wakili wa bima hatakuonea huruma. Jina lako lilingane na la kitambulisho, na tarehe ilingane na ya hospitali.

Abstrakti ikisema dereva ndiye wa kulaumiwa, vizuri, lakini hakimu hafungwi na maoni ya askari. Kilicho kizito zaidi ni kesi ya trafiki, ile ya jinai anayoshtakiwa dereva. Dereva akihukumiwa na rufaa ikaisha, hatia hiyo haiwezi kukanwa tena kwenye kesi ya madai. Kwa hiyo fuatilia kesi hiyo, na ukiitwa kutoa ushahidi, nenda.

Hospitalini weka kila kitu: karatasi za matibabu, picha za eksirei, muhtasari wa kuruhusiwa, risiti za dawa na za teksi ya kwenda kliniki. Fidia ya maumivu hakimu huipima mwenyewe kwa kutazama kesi zinazofanana, lakini gharama ulizotoa mfukoni lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe. Risiti za mashine hufifia. Zitoe nakala mapema.

Tafuta mwenye gari kupitia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Sheria humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliyeuza gari bila kuhamisha umiliki atajitetea mwenyewe.

Wakati huu huenda mabroka, madalali wa kesi za fidia, wakakufuata hadi wodini. Usitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla majeraha hayajajulikana vizuri. Ukishaitia, ni vigumu mno kurudi kudai zaidi mguu ukikataa kupona.

Sasa wakili wako huandika barua ya madai kwa mwenye gari na notisi kwa bima. Notisi hiyo itumwe kabla ya kesi kufunguliwa, na ubaki na ushahidi kwamba imepokelewa, maana bima isiyopewa notisi kwa wakati inaweza kukwepa kulipa. Bima nayo inaweza kukutaka uonwe na daktari wake. Nenda, na umweleze ukweli ule ule uliomweleza wa kwanza.

Wasipolipa, kesi hufunguliwa mtandaoni kwenye mfumo wa Mahakama. Korti ya Madai Madogo huko Milimani husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama kesi za ajali zinafaa kuwa huko. Muulize wakili kabla hujachagua. Mahakimu husikiliza madai makubwa zaidi, hadi Sh20 milioni kwa hakimu mkuu.

Tarajia kuulizwa ulifanya nini wewe. Ulivuka chini ya daraja la miguu Thika Road? Ulipanda bodaboda bila helmeti? Hakimu anaweza kugawa lawama, na ukibebeshwa asilimia 30, fidia inakatwa kiasi hicho.

Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Kama gari ni la serikali, una miezi 12 tu. Na ukishinda, sheria hailazimishi bima kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa mtu mmoja; kinachozidi hapo kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.